Jiwe Juu ya Barua

Mwezi wa tano, mwaka ule wa ndoo na sabuni,
hoteli ilifunga jiko. Tukagawana vitunguu vilivyobaki.
Meneja akasema, "Tutawaita,"
nikarudi Nkuhungu na kilo mbili za vitunguu
na neno hilo moja.

Mama hakuuliza.
Alivikatakata akavianika juu ya bati
kando ya mlenda wake wa akiba.

Nilichapisha barua kwa Mbeleje, mia mbili kila ukurasa.
"Sechelela, hii ya ngapi sasa?"
Sikumjibu.
Barakoa nayo ina faida zake.

Atuganile, tuliyesoma naye chuo, alinitumia ujumbe
kila alfajiri kutoka Tukuyu:
*Uwe chanya, dada. Uwe chanya!*
Nalisoma neno lile chini ya ufa wa kioo cha simu
wakati mtaa mzima unaomba uwe hasi.
Mjomba alijifunika blanketi juu ya sufuria ya mwarobaini,
akatoka amelowa kama kifaranga,
anakohoa, anamshukuru Mungu, anakohoa tena.
Wote hasi, hasi, hasi,
na mimi peke yangu niwe chanya
kwa bando la shilingi mia tano.

Nikatembea. Makole, Area C, Uzunguni,
bahasha ya kaki kwapani, vumbi mpaka kwenye kope.
Mahali pengine geti lilisema tu, kwa chokaa: HAKUNA KAZI,
na hakuna aliyejisumbua kuongeza "kwa sasa".

Kwenye ghala moja njia ya Ihumwa
mlinzi alininyooshea kipimajoto katikati ya paji la uso.
Nikafumba macho.
"Thelathini na sita nukta nne," akasema,
akaandika daftarini.
Ndilo jibu la kwanza nililopewa na ofisi yoyote tangu Pasaka.
Na lilikuwa jibu zuri.
Nilicheka hadi akaniuliza kama niko sawa.

"Barua weka pale," akasema.
Pale palikuwa na meza juani,
na juu yake barua za watu, kila moja na kokoto lake.
"Bosi anataka zikae jua siku tatu. Virusi vife.
Ndiyo azisome."
Huwa anazisoma?
Alitazama daftari lake.

Ndipo upepo ukaja,
ule wa kwetu, usiobisha hodi,
unaotoka Chamwino umebeba nusu ya Chamwino.
Kokoto hazikufua dafu.
Barua ziliinuka kama kanga waliofukuzwa shambani,
moja ikanasa kwenye mkonge, mbili zikavuka lami,
nasi tukazikimbilia, mimi na mlinzi,
umbali wa mita moja umesahauliwa,
yeye kofia mkononi, mimi kiatu kimoja.

Nilizikusanya nikisoma, nisamehewe.
*Mimi ni mchapakazi. Mimi ni mwaminifu.
Niko tayari kufanya kazi mahali popote.*
Nilidhani sentensi hiyo ni yangu.
Kumbe ni ya Mpwapwa, ya Kongwa, ya Bahi,
ya mtu aliyechora mistari kwa rula kwanza
ili maneno yake yasiteleze.

Moja, mlinzi alinipokonya haraka.
Nilikuwa nimeshaona jina: Chilongani,
lile lile la kwenye beji yake.
Stashahada ya ugavi. Tarehe ya Jumatatu.
"Huwa naipeleka kila Jumatatu," akasema. "Nami naianika."

Hatukusema zaidi.
Tulikwenda nyuma ya ghala tukatafuta mawe,
si kokoto, mawe,
hayo Dodoma hatujawahi kupungukiwa.
Tukaziweka tena, moja moja.
Aliyepiga mistari kwa rula nilimpa jiwe bapa, zuri.
Changu kilikuwa kizito kuliko vyote,
siwezi kudanganya.

Nikanawa mikono kwenye ndoo ya getini.
"Jumatatu?" akauliza.
"Jumatatu," nikasema,
nikaenda kutafuta kiatu changu.